Mwambao wa Mweru: Miji Iliyoachwa na Utajiri Wake

Alfajiri, kabla jua halijachomoza nyuma ya nyumba za Kashikishi, ufuko wa Ziwa Mweru huwa umekwisha kujaa watu. Mitumbwi iliyokesha majini hurejea mmoja baada ya mwingine, na akina mama huingia majini hadi magotini kuilaki, kila mmoja na beseni lake. Kinachopakuliwa si samaki wakubwa. Ni chisense, samaki mdogo mweupe asiyefikia urefu wa kidole, anayefanana sana na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Baada ya bei kukubaliwa, samaki hao hutandazwa juani kukauka, na kwa muda mfupi mchanga wote hung'aa kama uliomwagiwa fedha.

Mgeni aliyezoea kusikia kwamba Zambia ni nchi ya shaba hustaajabu kuona biashara ya namna hii. Hapa hakuna moshi wa viwanda wala milima ya vifusi vya migodi. Kuna ziwa pana, mitende, mihogo iliyoanikwa mbele ya nyumba, na vilima vya Kongo vinavyoonekana kwa mbali ng'ambo ya maji. Hata hivyo, mwambao huu umewahi kupitiwa na utajiri wa aina nyingi. Pembe za ndovu zilipita hapa, na shaba, na chumvi, na watumwa. Serikali za kikoloni zilijenga maboma na kuyahama. Matajiri wa samaki walikuja na mashua na barafu, wakaondoka. Kila kilipopita kitu kimoja, kiliacha mji mdogo nyuma yake, na watu wa mji huo walilazimika kuanza upya.

Kwa sababu hiyo safari ya Nchelenge na miji ya jirani ina mafunzo kuliko matembezi ya kawaida. Anayetaka kuogelea na kupunga upepo atapata nafasi. Lakini anayetaka kujua mji huishi vipi baada ya mali iliyoujenga kwisha, atapata jambo la kwenda nalo nyumbani.

ZIWA NA NJIA YAKE

Ziwa Mweru limegawanywa kati ya Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Eneo lake ni kilomita za mraba 5,000 na zaidi kidogo, na liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Mto Luapula huingia kutoka kusini, Mto Kalungwishi huingia kutoka mashariki, na maji yote hutoka kaskazini, penye mji wa Pweto, kwa jina la Mto Luvua. Kutoka huko husafiri hadi Lualaba, na hatimaye hufika baharini kwa Mto Kongo. Ndiyo kusema kwamba tone la mvua linaloanguka juu ya paa la nyumba ya Nchelenge lina safari ya kuvuka nusu ya Afrika kabla ya kuonja chumvi ya Atlantiki.

Msafiri atokaye Tanzania anaweza kufika Kasama, mji ulio kwenye njia ya reli ya TAZARA, reli ambayo ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kutoka Kasama hushika barabara ya magharibi kuelekea Mkoa wa Luapula. Atokaye upande wa migodi ya shaba ya Zambia huvuka Luapula penye daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, kisha hupita Mansa, makao makuu ya mkoa, mji ambao zamani za ukoloni uliitwa Fort Rosebery. Kutoka Mansa barabara hufuata bonde la Luapula kwenda kaskazini kwa zaidi ya kilomita 200. Vijiji vya bonde hilo vimeungana kiasi kwamba msafiri hajui kimoja kimekwisha wapi na kingine kimeanza wapi.

Mwenye nafasi asikose kupinda kidogo njiani. Karibu na Kawambwa, penye mashamba ya chai, yapo maporomoko ya Ntumbachushi katika Mto Ngona. Mbele zaidi, katika Mto Kalungwishi, yapo maporomoko ya Lumangwe, ambapo mto mzima huanguka kwa pamoja kama pazia jeupe, na wengi waliokwisha kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya huyaita Lumangwe mdogo wake. Huko hakuna msongamano wa watalii. Mara nyingi mgeni na familia yake hujikuta peke yao na ngurumo ya maji.

KWA MWATA KAZEMBE

Kabla ya kufika ziwani, msafiri hupita Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Walunda walivuka Luapula kutoka magharibi katika karne ya 18 na kuanzisha dola iliyotajirika kwa sababu ilikaa katikati ya njia. Upande wa magharibi ilikuwapo shaba ya Katanga, iliyosubuwa kwa umbo la misalaba. Upande wa mashariki walikuwapo wachuuzi wa Kibisa, waliobeba mizigo hadi karibu na pwani. Chumvi, pembe na nguo zilipita mikononi mwa Mwata, na kila kilichopita kiliacha ushuru.

Habari za utajiri huo zilifika mbali. Mwaka 1798 gavana Mreno, Lacerda e Almeida, alitoka Tete na msafara mkubwa ili kutafuta njia ya kuunganisha bahari mbili. Alifariki alipokuwa amekwisha kuwasili katika nchi ya Kazembe. Mwaka 1806 walifika wachuuzi wawili Waafrika kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, waliotembea kwa miguu kutoka upande wa Atlantiki na hatimaye wakafika Tete mwaka 1811. Jambo ambalo gavana na askari wake hawakuliweza, watu hao wawili walilitimiza kwa uvumilivu.

Novemba 1867 alifika David Livingstone, ambaye tarehe 8 ya mwezi huo aliliona Ziwa Mweru. Kwa Kazembe alimkuta mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad bin Saleh, aliyekuwa amezuiliwa huko kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Hamed bin Muhammed, ambaye dunia nzima inamjua kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo mashariki ya ziwa. Vita hivyo amevisimulia mwenyewe kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake. Basi msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba Mweru ni nchi ya kigeni kabisa kwake. Lugha yake ilikwisha kufika huko zaidi ya miaka 150 iliyopita. Ilifika pamoja na nguo na shanga, lakini pia ilifika pamoja na bunduki na minyororo, na haifai kukumbuka hizo za kwanza na kusahau hizi za pili.

Leo njia ya shaba na pembe haipiti tena Mwansabombwe. Kilichobaki ni heshima ya kiti na sherehe ya Mutomboko, inayofanyika mwishoni mwa Julai kila mwaka. Siku ya kilele Mwata hucheza mbele ya watu wake akiwa amevaa vazi zito la kifalme, akishika upanga na shoka, kukumbuka safari ya mababu kutoka magharibi na mito waliyoivuka. Maelfu ya watu hukusanyika, wakiwamo wana wa Luapula wanaofanya kazi migodini na Lusaka. Ushuru wa Mwata ulikwisha zamani, lakini wito wake bado unaitikiwa.

SHULE YA MBERESHI

Jirani na Mwansabombwe upo Mbereshi, mahali ambapo wamisionari wa shirika la London Missionary Society waliweka kituo mwaka 1900. Mwaka 1915 alifika hapo mwalimu Mabel Shaw, akaanzisha shule ya bweni ya wasichana na kuiongoza kwa miaka 25. Wakati huo mzazi wa Luapula aliyempeleka binti shuleni alionekana kuwa mtu wa ajabu. Kodi ya serikali ya kikoloni ilidai fedha, fedha zilipatikana migodini, na migodi iliita wanaume. Ni nani angepoteza muda kumfundisha msichana kusoma?

Lakini waliosoma Mbereshi wakawa walimu, wauguzi na akina mama waliosomesha watoto wao. Bweni kama hilo lilikuwa na kasoro zake, kwani wamisionari walijiona kuwa na haki ya kuamua mila ipi ibaki na ipi iachwe. Pamoja na hayo, anayesimama leo mbele ya majengo ya matofali ya Mbereshi huona kitu ambacho miji mingine ya mwambao huu haikukipata mapema. Mali iliyowekwa ndani ya vichwa vya watu haikupakiwa mashuani ikaondoka. Imerithiwa na wajukuu.

KISIWA CHENYE JINA LA PWANI

Kutoka Nchelenge mtu akitazama magharibi huona visiwa. Kilicho karibu ni Isokwe. Kikubwa zaidi, kilicho mbali na karibu zaidi na pwani ya Kongo, kinaitwa Kilwa, nacho ni sehemu ya Zambia. Ng'ambo yake, upande wa Kongo, upo pia mji wenye jina hilohilo la Kilwa. Msomaji wa Lindi au Mtwara hawezi kulisikia jina hilo bila kugutuka.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 kisiwa hicho kilikuwa ngome ya mfanyabiashara wa Kiswahili, Abdullah bin Suleiman, aliyejulikana zaidi kwa jina la Simba. Alichagua vyema. Maji yalikuwa ukuta wake pande zote, na mitumbwi ilikuwa milango yake. Kutoka hapo alifanya biashara ya pembe na watu. Mkataba wa 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Pili ulipitisha mpaka katika ziwa, na nguvu za wafanyabiashara wa aina yake zikavunjika. Leo wakazi wa kisiwa ni wavuvi na wakulima. Watoto hucheza mpira mahali ambapo zamani mateka walingoja kuvushwa.

Mgeni akivuka kwenda kisiwani asitafute kasri wala mnara. Atakuta vijiji, nyavu zilizoanikwa na mashamba ya mihogo. Ukumbusho wa zama hizo umebaki katika jina la mahali na katika mazungumzo ya wazee.

BOMA LILILOHAMA

Kaskazini ya Kashikishi barabara huelekea mahali Mto Kalungwishi unapoingia ziwani, kisha huendelea hadi Chiengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Waingereza waliweka vituo vyao vya kwanza vya ziwa hili, kwanza Chiengi na baadaye Kalungwishi. Kutoka huko walidai utii na kodi, na mwaka 1899 kikosi chao kiliushambulia mji wa Mwata Kazembe.

Kwa muda Kalungwishi ilikuwa mji. Palikuwa na ofisa, askari, wapagazi, wachuuzi na bendera. Mtu aliyeishi hapo mwaka 1900 angeapa kwamba mji huo utakua na kuwa mkuu wa nchi nzima ya ziwa. Lakini katika miaka michache iliyofuata ugonjwa wa malale ulienea kando ya Mweru na Luapula. Serikali iliwahamisha watu kutoka ufukoni, ikazuia matumizi ya maji na mitumbwi, na boma likahamia Kawambwa, kwenye nchi ya juu yenye baridi. Ofisa alipoondoka, askari walimfuata. Askari walipoondoka, mchuuzi hakuwa na mnunuzi. Pori likarudi.

Wananchi waliohamishwa ndio walioumia zaidi. Kwao ziwa lilikuwa shamba, barabara na ghala. Kumwondoa mvuvi ufukoni ni sawa na kumwondoa mkulima kwenye ardhi yake wakati wa kupalilia. Miaka ilipopita walirejea, wakajenga upya bila boma na bila bendera. Ofisa alikuwa na mahali pengine pa kwenda. Wao hawakuwa napo.

MATAJIRI WA BARAFU

Hadithi ya samaki ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya leo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, migodi ya Katanga ilikusanya maelfu ya wafanyakazi, nao walihitaji kitoweo. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijikita Kasenga, mji ulio kando ya Luapula upande wa Kongo. Waliunda mashua za injini, wakaleta barafu, wakanunua samaki wa Mweru na kuwapeleka Elisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi. Kasenga ilistawi. Wavuvi wa pande zote mbili za mpaka walipata fedha za kulipa kodi na kununua baiskeli na vyerehani.

Samaki aliyesifiwa kuliko wote alikuwa mpumbu. Kila mwaka mvua zilipoanza na Luapula kufurika, mpumbu walipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Watu wa bondeni waliwangojea kama mkulima anavyongojea mavuno. Lakini biashara ilipopanda, nyavu ziliwekwa palepale walipopita wakiwa na mayai tumboni. Msimu baada ya msimu waliopanda walipungua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 yale makundi makubwa yalikuwa yamekwisha. Matajiri walifunga maghala yao mmoja mmoja, na Kasenga ikawa mji mdogo uliojaa kumbukumbu.

Hakuna vita vilivyommaliza mpumbu wala ugonjwa wa malale. Alimalizwa na watu waliompenda, waliomla na waliomuuza.

SHABA YARUDI, YAONDOKA

Mtu anaweza kudhani kwamba mambo ya kupanda na kuanguka kwa miji ni ya kale. La hasha. Mwaka 2002 mgodi wa Dikulushi ulifunguliwa upande wa Kongo, kaskazini ya mji wa Kilwa, ukitoa shaba na fedha. Madini hayo yalifikishwa Kilwa, yakavushwa ziwa hadi upande wa Zambia, na kuendelea na safari kwa malori. Kwa mara nyingine shaba ya Katanga ilipita Mweru kama ilivyopita zama za Mwata.

Oktoba 2004 mji wa Kilwa ulipatwa na msiba. Kikundi kidogo cha waasi kiliuingia mji, jeshi likaja kuukomboa, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliorodhesha vifo vya watu zaidi ya 70. Wengi walikimbia kwa mitumbwi kwenda Zambia. Mwishoni mwa 2008, bei ya shaba ilipoanguka duniani, mgodi ulisimamishwa. Baadaye kampuni nyingine iliufufua kwa muda. Wakazi wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kupata somo: mali inayoamuliwa bei mbali huondoka bila kuaga.

Mwambao wa Nchelenge umezoea kupokea wakimbizi. Baada ya mapigano ya Pweto ya Desemba 2000 maelfu walivuka mpaka, na kuanzia mwaka 2017 wengine walipokelewa Kenani, kisha wakapewa makazi Mantapala, katika wilaya hiyohiyo. Ndiyo maana katika soko la Kashikishi mgeni husikia Kibemba na Kiswahili cha Katanga vikichanganyika katika sentensi moja. Mama mmoja hutaja bei kwa Kibemba, mwenziwe hupunguza kwa Kiswahili, na biashara hukamilika bila mkalimani.

KUFIKA NA KUKAA

Miezi mizuri ya safari ni kuanzia Mei hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika. Atakaye kuona Mutomboko na apange kufika mwishoni mwa Julai, na atafute malazi mapema. Nyumba za wageni za Nchelenge na Kashikishi ni za kawaida, si za fahari. Uzuri wake ni kwamba nyingi hazipo mbali na maji, na jioni jua hutua juu ya ziwa, nyuma ya vilima vya Kongo, likiacha njia nyekundu hadi ufukoni.

Familia ichukue tahadhari zifuatazo:

Malaria ni nyingi sana katika wilaya hii. Kila mmoja alale ndani ya chandarua, na watoto wavishwe nguo za mikono mirefu magharibi inapoingia. Mwenye homa asingoje. Hospitali ya misheni ya Mtakatifu Paulo ipo Kashikishi.

Maji ya kunywa yachemshwe. Watoto wasiachwe kuchezea penye maji yaliyotuama na majani, kwa sababu ya kichocho. Wenyeji waulizwe pia juu ya mamba kabla ya mtu yeyote kuoga ziwani.

Anayevuka kwenda kisiwani asafiri asubuhi, upepo ukiwa umetulia, katika chombo kisichojazwa kupita kiasi, na avae jaketi la kuokolea. Mweru huonekana mpole, lakini upepo ukiamka mawimbi yake hayana mzaha.

Mgeni asalimie kabla ya kuuliza. Neno "mukwai" huongezwa katika salamu na majibu ili kuonyesha heshima, na mtu mzima huitwa "bamayo" akiwa mama na "batata" akiwa baba. Picha zisipigwe kabla ya kuomba ruhusa.

Kuhusu chakula, mwenyeji atamkaribisha mgeni kwa "ubwali", yaani ugali, ambao hapa mara nyingi ni wa mihogo, pamoja na "katapa", ambayo mama wa pwani ataitambua mara moja kuwa ni kisamvu. Chisense hupikwa kwa namna rahisi ambayo mama yeyote anaweza kuijaribu kwa dagaa wake. Samaki wakavu huchambuliwa na kuoshwa kwa maji ya moto mara mbili ili mchanga utoke. Hukaangwa kidogo kwa mafuta, kisha huongezwa kitunguu na nyanya mpaka nyanya zilainike. Wanaopenda rojo nzito hutia karanga zilizotwangwa, wakaacha mchuzi utokote kwa moto mdogo. Kwa kuwa samaki huyo huliwa na mifupa yake, ni chakula chema kwa watoto wanaokua na kwa mama mjamzito.

MALI ILIYOBAKI

Tangu mpumbu apungue, wavuvi wamegeukia samaki wengine. "Pale", ambaye ni jamaa ya perege, hupendwa sana mezani. Tangu miaka ya 1980 uvuvi wa chisense kwa taa za usiku umekua, na umefungua mlango kwa wanawake. Mvuvi huenda majini, lakini anayenunua alfajiri, anayekausha, anayefunga magunia na kuyasafirisha, mara nyingi ni mwanamke. Gunia moja likifika salama mjini, daftari za watoto hununuliwa. Mvua ikinyesha kabla samaki hawajakauka, mtaji huoza mchangani. Hakuna anayejua thamani ya siku moja ya jua kuliko mama huyo.

Serikali ya Zambia imeweka msimu wa kufunga uvuvi, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa wakati wa mvua. Sheria hiyo ni ngumu kwa mtu asiye na akiba. Desemba ndiyo mwezi wa sikukuu, na Januari ndiyo mwezi wa sare za shule. Baba anayeona ziwa limejaa samaki, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, hujaribiwa kutoka na wavu usiku. Haifai kumhukumu kwa wepesi. Lakini haifai pia kumficha ukweli. Babu yake alimwona mpumbu akipanda Luapula kwa makundi yaliyotia giza maji, na alidhani hawatakwisha.

Ndiyo maana familia zenye busara hujiandaa tangu Agosti. Huweka akiba kidogo kila soko, hupanda mihogo na karanga, hufuga kuku, na huhifadhi gunia moja la chisense kwa ajili ya miezi ya njaa. Vyama vya kuweka na kukopa vya akina mama vina kazi kubwa hapa. Sheria peke yake haiwezi kulinda ziwa ikiwa chungu cha nyumbani hakina kitu. Na chungu hakitakuwa na kitu milele ikiwa sheria itavunjwa kila usiku.

Mgeni naye ana sehemu yake. Anaponunua samaki, asitake wale wachanga wa pale kwa sababu ni wa bei rahisi. Anapofika katika miezi ya kufunga, aridhike na kuku na kisamvu, wala asimshawishi mvuvi. Fedha yake ndogo aitumie kwa muuza chakula, mwenye nyumba ya wageni na kijana anayemwongoza kwenda Lumangwe. Kwa njia hiyo matembezi yake yatampunguzia mtu mmoja haja ya kwenda majini usiku.

Jua linapopanda, mchanga wa Kashikishi hupata joto, na akina mama huanza kuwageuza chisense kwa mikono ili wakauke sawasawa. Kaskazini yao ni Kalungwishi, ambako boma lilihama. Kusini yao, juu ya mto, ni Kasenga, ambako barafu iliyeyuka na wenye barafu wakaenda zao. Wao wapo katikati, na hawana pengine pa kuhamia. Wahenga walisema, akiba haiozi. Kwa watu wa Mweru akiba hiyo haiko benki wala chini ya godoro. Inaogelea mbele ya macho yao, na inaomba miezi mitatu tu kila mwaka.